Ramani inasema IQ ya Wakenya ni 72: mwalimu wa Likoni auliza kama ni kweli

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Likoni. Juzi wakati wa chai mwenzetu mmoja alituonyesha kwenye simu ramani ya dunia iliyopakwa rangi kwa IQ ya kila nchi. Kenya imeandikwa 72. Akasema Ulaya mtoto akiwa chini ya 70 huhesabiwa kuwa na ulemavu wa akili, kwa hiyo sisi tuko ukingoni. Wengine wakacheka, wengine wakakasirika, ila hakuna aliyejua la kumjibu, na nasikia wanafunzi pia wameiona. Namba hiyo imetoka wapi, na ina ukweli wowote? La pili: nina mvulana wa Gredi ya 5 anayebaki nyuma katika kila somo. Nimeshauriwa apimwe akili. Nimpeleke?

JIBU: Mwalimu, nianze na hesabu, maana hesabu peke yake yatosha kuitilia shaka ramani hiyo. Kipimo cha IQ, yaani kipimo cha akili, hutengenezwa kwa kupima kundi fulani la watu, kisha wastani wa kundi hilo ukaitwa 100. Alama nyingine hupangwa kuuzunguka, hivi kwamba watu wawili katika kila watatu huwa kati ya 85 na 115. Sasa chukua mpangilio huohuo, ushushe wastani hadi 72. Watu wapatao 45 katika kila 100 watakuwa chini ya 70. Kama darasa lako lina watoto 50, basi 22 wawe na ulemavu wa akili.

Ulemavu wa akili naujua, ndiyo kazi yangu. Mtoto wa miaka kumi aliye nao, hata ule wa kiasi, hubaki nyuma hadi katika mambo ya nyumbani: akitumwa dukani vitu vitatu hurudi na kimoja na chenji pungufu, mchezo wenye sheria humchanganya, wadogo zake humpita. Watoto hao wapo Likoni na wanahitaji msaada. Lakini si 22 katika darasa moja. Wanafunzi wako wanavuka feri peke yao, wanalea wadogo zao, na makanga akiwapandishia nauli wanajua haki yao ni shilingi ngapi. Na huko Ulaya kwenyewe, namba ya chini ya 70 haitoshi kumpa mtu jina hilo. Mtaalamu lazima aonyeshe pia kwamba anashindwa kumudu maisha ya kila siku kwa umri wake. Kwa hiyo ama nusu ya Likoni inajifanya kuwa na akili kuliko ilizo nazo, ama 72 ya Likoni haimaanishi kile ambacho 72 ya London humaanisha.

Namba yenyewe ilienea kupitia kitabu cha mwaka 2002 cha Richard Lynn, mwanasaikolojia Mwingereza, na Tatu Vanhanen wa Ufini, waliodai kwamba IQ ndiyo inayoeleza kwa nini mataifa mengine ni tajiri na mengine maskini. Walipanga nchi 185. Zilizokuwa na kipimo cha aina yoyote ni 81. Nyingine 104 walizikadiria kwa kuangalia majirani zao, yaani nchi isiyopimwa ilipewa alama za waliopakana nayo. Na hizo zilizopimwa nazo zina mambo yake: Guinea ya Ikweta ilipewa 59, na ilipofuatiliwa ikabainika kwamba namba hiyo ilitoka kwa watoto wenye ulemavu wa akili waliopimwa Hispania. Mwaka 2010 Jelte Wicherts na wenzake wa Uholanzi wakazikusanya upya tafiti za Afrika kusini mwa Sahara, pamoja na zile ambazo Lynn aliziacha nje. Wastani ukatoka chini ya 70, alikouweka Lynn, ukafika karibu 80. Pointi zaidi ya kumi, na hakuna Mwafrika aliyejifunza chochote kipya katikati. Aliyebadilika ni anayechagua tafiti zipi zihesabiwe.

Kenya tulishapitia haya zamani. Katika miaka ya 1930 Dkt. H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari alieneza dai kwamba ubongo wa Mwafrika una kikomo cha kuzaliwa nacho, na mwaka 1934 F. W. Vint, mtaalamu wa maabara Nairobi, akachapisha vipimo vya ubongo wa Waafrika vilivyosemwa kuunga mkono dai hilo. Walowezi waliufurahia sana utafiti huo, maana ulikuwa unawapa sababu ya kutotujengea shule.

Hata hivyo 80 si 100, na hapa ndipo wapinzani wengi wa ramani hizi hukatisha safari. Husema ni ubaguzi, basi. Mimi jibu hilo halinitoshi, na mwanafunzi wako mwerevu halitamtosha. Ni kweli kwamba watoto wetu wakipewa vipimo vilivyotungwa Ulaya au Marekani, kwa wastani hupata alama za chini. Tafiti ni nyingi, na si zote zilifanywa na watu wenye nia mbaya. Linalobishaniwa ni kitu gani hasa kimepimwa.

Maswali halisi ya vipimo siruhusiwi kuyaandika hadharani, lakini nitakupa moja nililotunga mwenyewe kwa mtindo wao. Kuna sehemu ambapo mtoto hutajiwa vitu viwili akaulizwa vinafanana vipi. Nilimuuliza mtoto wa mvuvi wa Mtongwe: changu na tafi wanafanana vipi? Akaniangalia kwa huruma. “Hawafanani. Tafi ana miba, ikikudunga hulali. Yeye anakula mwani, unamtega kwa dema. Changu anataka chambo, huyo unamvua kwa mshipi.” Kwa kanuni za kusahihisha, jibu lenye alama zote ni “wote ni samaki”. Mtoto huyu angepata sifuri. Mtoto wa Nyali, mtaa wa wenye nacho, ambaye tafi hamjui kwa sura ila anajua ni jina la samaki angepata alama kamili. Mvulana wa Mtongwe hakukosa kujua kwamba wote ni samaki. Hakufikiri kama mtu mzima angeweza kumuuliza jambo lililo wazi kiasi hicho.

Hilo si la pwani peke yake. Mwanasaikolojia Michael Cole na wenzake walifanya kazi na Wakpelle wa Liberia, wakawapa vyakula na vyombo wavipange kwa makundi. Walivipanga kwa matumizi, kisu pamoja na kile kinachokatwa nacho, wakisema mtu mwenye busara hupanga hivyo. Walipoombwa wapange kama ambavyo mpumbavu angepanga, wakatenganisha vyakula huku na vyombo kule, sawasawa na watafiti walivyotaka tangu mwanzo. Uwezo wa kupanga namna hiyo walikuwa nao siku zote. Hawakuuona kuwa ni wa maana.

Utaambiwa basi tutumie vipimo visivyo na maneno. Kinachojulikana zaidi ni Matrisi za Raven, cha mwaka 1938: mtoto huonyeshwa mchoro wenye nakshi uliokatwa kipande, na chini yake vipande kadhaa, achague kinachoziba pengo. Hakuna lugha, hakuna hesabu, hakuna historia ya mtu yeyote. Kwa miaka mingi kilisifiwa kuwa hakina utamaduni ndani yake.

Sasa sikia kilichotokea Embu. Mwaka 1984 watafiti waliwapima watoto wa vijijini huko, wa umri wa kama miaka saba, kwa toleo la watoto la Raven lenye maswali 36. Mwaka 1998 wakapimwa watoto wengine wa umri huohuo, eneo hilohilo. Wastani wa majibu sahihi ulikuwa umepanda kutoka karibu 13 hadi karibu 17. Ukiyageuza hayo kuwa pointi za IQ, ni zaidi ya 20 katika miaka 14. Waliochapisha matokeo hayo mwaka 2003, Tamara Daley na wenzake, waliona maelezo yanayokaa vizuri zaidi ni matatu: wazazi wengi zaidi walikuwa wanajua kusoma, familia zilikuwa zimepungua ukubwa, na watoto walikuwa wanakula vizuri zaidi na kuugua kidogo. Vinasaba vya Embu havikubadilika kwa miaka 14, Mwalimu. Hicho ni kipindi ambacho mtoto mmoja hajamaliza hata kukua.

Na Embu haiko peke yake. James Flynn wa New Zealand alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba nchi baada ya nchi alama zimekuwa zikipanda kwa wastani wa kama pointi tatu kila miaka kumi. Vijana wa kiume wa Uholanzi walioitwa jeshini walipanda kama pointi 20 kati ya 1952 na 1982, na kipimo chao kilitoka katika Matrisi hizohizo zilizosemwa hazina utamaduni. Ukiwasahihisha babu zao kwa kanuni za wajukuu, utapata taifa la Waholanzi ambalo sehemu kubwa yake iko karibu na ulemavu. Hakuna anayeamini hivyo kuhusu Waholanzi. Kilichopanda ni mazoea ya kufikiri kwa maumbo na kanuni tupu, ambayo shule, michoro, mashine na kazi za ofisini huyafundisha bila mtu kujua anafundishwa.

Mwanasaikolojia Robert Serpell alilibana swali hili vizuri zaidi ya wengi, na utafiti wake naupenda kwa sababu ni rahisi kuusimulia. Aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ileile ya kunakili maumbo, lakini kwa vifaa tofauti. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester walishinda. Kwa waya, wa Lusaka walishinda, maana wamezoea kujitengenezea magari ya waya. Kwa udongo wa mfinyanzi walikuwa sawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979. Kama Serpell angetumia kalamu pekee angeandika kwamba Wazambia wako nyuma, na kama angetumia waya pekee tungekuwa na ramani yenye rangi zilizogeuzwa.

Kuna na mitego midogo ambayo hata sisi wapimaji huikanyaga. Mtoto huambiwa arudie tarakimu, “tano, nane, mbili, saba”, safu ikiongezeka urefu. Tarakimu za Kiingereza karibu zote zina silabi moja; zetu zina silabi mbili. Kumbukumbu ya muda mfupi hushika zaidi yale yanayotamkika haraka, na jambo hilo lilishaonyeshwa mwaka 1980 kwa watu wanaozungumza Kiwelisi na Kiingereza: mtu yuleyule alikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi, kwa sababu tarakimu zake huchukua muda zaidi kutamka. Ukitafsiri kipimo kwa Kiswahili neno kwa neno ukaacha kanuni za alama za Marekani, umemkata mtoto alama kabla hajafungua mdomo.

Jambo la kitaalamu linaloshikilia yote haya ni moja. Ili ulinganishe makundi mawili, lazima kwanza uonyeshe kwamba kipimo kinafanya kazi ileile katika kila kundi: kwamba watoto wawili wenye uwezo sawa, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wana nafasi sawa ya kulipata kila swali. Hilo hujaribiwa kwa takwimu, swali kwa swali, wala si la kukisia. Katika tafiti zilizojaza ile ramani, mara nyingi halikujaribiwa kabisa, na pale lilipojaribiwa kwa vipimo vya kigeni mara nyingi limeshindwa. Bila hilo, kutoa 72 kwenye 100 ni hesabu isiyo na jibu.

Mwenzako huenda akarudi na hoja ya urithi: si imethibitishwa kwamba akili hurithiwa? Tafiti za mapacha Ulaya na Marekani kweli zinaonyesha kwamba tofauti za IQ kati ya mtu na mtu, ndani ya jamii hizo, zinahusiana na vinasaba kwa kiasi cha nusu au zaidi. Mwanabaiolojia Richard Lewontin alijibu hoja hiyo mwaka 1970, nami nitalihamishia jibu lake kwetu. Chukua gunia moja la mbegu mchanganyiko za mahindi. Nusu panda Shimba Hills, nusu panda kwenye ukame wa Kinango. Ndani ya kila shamba udongo ni mmoja, kwa hiyo mche mrefu na mche mfupi wametofautiana kwa mbegu tu. Lakini tofauti kati ya shamba na shamba yote ni ya udongo na mvua. Urithi wa asilimia 100 ndani ya shamba, sifuri kati ya shamba na shamba. Tena hata ndani ya nchi moja urithi si namba ya kudumu: mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake walikuta kwamba kwa watoto wa familia maskini sana Marekani mchango wa vinasaba ulikaribia sifuri, na karibu kila kitu kilifuata mazingira ya nyumbani.

Kuhusu mazingira sitaki nikufariji kupita kiasi. Baadhi ya alama zinazopotea kwa watoto wetu ni hasara ya kweli, imetokea kichwani na si kwenye kipimo. Malaria ya ubongo huwaachia baadhi ya wanaopona matatizo ya kumbukumbu na lugha. Watafiti wa Kilifi wamelifuatilia hilo kwa miaka mingi. Pemba, utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kuwapa watoto wadogo madini ya chuma kulisaidia ukuaji wao wa lugha. Na hapa Mombasa tunayo Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia madini ya risasi katika hewa, maji na udongo wa mtaa ule, na baada ya kampeni iliyoongozwa na Phyllis Omido kikafungwa mwaka 2014. Watafiti walipopima damu za watoto wadogo, wastani wa risasi ulikuwa karibu maradufu ya ule wa mtaa jirani wa Bangladesh. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwenye mahakama za juu. Risasi hupunguza IQ, hili halina ubishi: uchambuzi wa pamoja wa mwaka 2005 ulikuta kupanda kwa risasi kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 kwa desilita ya damu kunakwenda na upungufu wa karibu pointi nne. Hapo kipimo cha akili ni silaha ya mwenye haki, kwa sababu kinaonyesha mtoto amenyang’anywa nini. Wale wanaotaka tuvitupe vipimo vyote baharini ningependa watuambie mama wa Owino Uhuru aende mahakamani na nini.

Kwa hiyo wanafunzi wako waambie hivi, kwa lugha yako: namba ile ilikusanywa ovyo, kipimo kilichotumika hakikuwahi kuthibitishwa kwamba kinapima kitu kimoja Likoni na London, na watoto wa Embu waliisogeza kwa miaka 14 tu. Wakikuuliza kama basi watu wote duniani wana akili sawa kabisa, usiwadanganye kwamba sayansi imemaliza kazi. Waambie hakuna kipimo kilichopo kinachoweza kulijibu swali hilo kati ya mataifa, na anayesema anacho aonyeshe kwanza alivyokijaribu.

Sasa mvulana wako. Alfred Binet alipotunga kipimo cha kwanza Paris mwaka 1905, pamoja na Théodore Simon, alitumwa na serikali kutafuta watoto waliohitaji msaada wa ziada shuleni. Alisisitiza kwamba alama si kiwango cha kudumu cha akili ya mtoto. Kwa kazi hiyo ya awali kipimo bado kinafaa, nami nakitumia wiki nzima. Ila usianze nacho.

Anza na masikio. Nusu ya watoto wanaoletwa kwangu kwa “uzito wa akili” ningependa waende kwanza kwa daktari wa masikio. Mtoto aliyetoka usaha tangu utotoni anaweza kuwa hasikii nusu ya unayosema, na hakwambii kwa sababu hajui wengine wanasikia zaidi. Kisha macho. Kisha damu, iangaliwe upungufu wake na seli mundu, ambayo pwani si haba. Muulize mama kama aliwahi kulazwa akiwa mdogo, hasa kwa malaria iliyoleta degedege. Na uliza analala saa ngapi na asubuhi anakula nini.

Haya yakiwa safi, mpeleke kituo cha EARC, yaani cha tathmini ya elimu ya watoto, ambacho kila kaunti inapaswa kuwa nacho na ni cha serikali. Kabla hajapimwa muulize mpimaji mambo mawili. Atampima kwa lugha gani? Kama nyumbani kwao ni Kidigo na Kiswahili amekijulia shuleni, hilo lazima liandikwe kwenye ripoti. Na alama zake zitalinganishwa na watoto wa wapi? Kilifi, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka hapa, watafiti kama Penny Holding na Amina Abubakar wameshughulika kwa miaka kutunga na kurekebisha vipimo vinavyowalinganisha watoto wa pwani na wenzao wa pwani, kwa hiyo mpimaji hana udhuru wa kusema hakuna njia nyingine. Akikutajia IQ kwa tarakimu moja bila kukueleza mtoto alikwama wapi, iwe ni kumbukumbu, lugha, au kasi, mwombe aendelee kueleza.

Pia omba apimwe, afundishwe kidogo, apimwe tena. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walifanya hivyo na watoto wa shule karibu na Bagamoyo, wakachapisha mwaka 2002. Mafunzo yenyewe hayakufika hata saa moja, lakini alama zilipanda, na alama za baada ya mafunzo ndizo zilizoeleza vizuri zaidi uwezo wa watoto hao. Mtoto anayeruka baada ya kufundishwa dakika ishirini hana tatizo sawa na yule asiyesogea, hata kama walianza na alama moja.

Mpeleke asubuhi, awe amekula, na umbebee madaftari yake mawili: la hesabu, na lolote analochorea.